Pua ya Burgl

Kijiwe cha Kaltenreuth hakina jina wala hakihitaji. Ni benchi refu la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa jiko la mji, jengo la mawe ambamo kila nyumba yenye haki ya kupika bia huja kwa zamu yake, huwasha kuni, hupika, na kesho yake hubeba maji yake matamu ya kimea kwa trekta kwenda kuyachachusha nyumbani. Siku ya moto ukuta hupata joto, na wenye benchi hugombania sehemu ya katikati kama paka. Siku isiyo na moto hukaa tu na kubishana. Jumanne hiyo ya Septemba ukuta ulikuwa baridi, kila mtu kajifunika sweta, na zamu iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Walburga Zintl. Hapo mjini hakuna anayemwita hivyo. Ni Burgl.

Burgl alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, mwenye mikono mipana na sauti nzito. Walikuwa wakipika pamoja na mumewe, Wendelin, na Wendelin alipofariki aliendelea kupika bila kumwomba mtu ruhusa. Halafu majira ya baridi yaliyopita alipata mafua mabaya. Homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Haikuwa imeziba, alipumua vizuri tu, lakini kahawa iligeuka maji ya moto, kitunguu kikawa kitu cha kuliza macho basi, na koti la Wendelin nyuma ya mlango likawa koti tu.

Alipika hivyohivyo ilipofika zamu yake ya masika. Alifuata kila hatua aliyoijua, akatundika juu ya mlango wake nyota ya bia, ishara kwamba nyumba ina bia ya kuuza, watu wakaja. Walikunywa, wakala soseji na mkate, wakamwambia nzuri, Burgl, nzuri. Mpaka siku ya pili alipotokea dereva mmoja wa lori, mgeni kabisa. Dereva akaonja, akairudisha glasi kaunta, na kwa adabu zake zote akamwambia mama, hii imeharibika, inanuka kabichi iliyochemshwa. Burgl aligeuka kutazama meza ya pembeni. Wenzake wa kijiweni walikuwa pale wote watatu, glasi zao zimefika nusu. Hakuna aliyenyanyua macho.

Alimwaga bia yote kwenye mtaro mchana kweupe, mbele ya watu, akaishusha nyota. Hakumlaumu mtu. Lakini kwa wiki kadhaa hakuonekana kwenye benchi, na aliporudi alikaa pembeni, karibu na mlango.

Sasa Ludwig Bäuml, mkuu wa jiko la mji, alikuwa amemwomba jibu kabla ya kengele ya jioni ya Jumanne hiyo: Ijumaa anapika, au anapisha nyumba nyingine? Bäuml hakuwa mtu mbaya. Alisema tu kwamba nyota ikishushwa mara mbili mfululizo, watu huanza kuisahau nyumba.

Wale watatu walilijua hilo, na walikuja na chupa.

Wa kwanza alikuwa Hedwig, dada wa marehemu Wendelin. Wanamwita Dokta, ingawa maisha yake yote aliuza dawa kwenye duka la dawa na hajawahi kumpima mtu zaidi ya kumwangalia ulimi. Yeye ndiye aliyeleta wazo. Alikuwa amesoma mahali kwamba pua iliyolala huamshwa kwa mazoezi, unainusisha vitu vyenye harufu kali asubuhi na jioni, huku ukivikumbuka. Kwa mpishi wa bia, akasema, kitu cha kunusishwa ni bia. Tena siyo ya nyumbani aliyoizoea. Zije bia za mikoa mingine, kila moja na tabia yake, pua ipate mshtuko.

Wa pili alikuwa Ottmar, mnene na mtanashati, aitwaye Balozi kwa sababu alifanya kazi Köln miaka mingi na tangu arudi hajaacha kuuwakilisha mji ule. Wa tatu alikuwa Lorenz, dereva mstaafu wa gari moshi, ambaye bila shaka huitwa Treni. Yeye ndiye aliyesafiri kuzikusanya hizo bia, na zilipopangwa kwenye benchi, katikati ya matako ya watu wazima wanne, alizitazama kama mtu aliyezizaa.

Burgl alijifunga kitambaa machoni mwenyewe. Alitaka kujua ukweli, akawaambia, na safari hii hataki huruma.

Glasi ya kwanza alipeleka puani, akavuta, akatulia, akavuta tena. Hakuna. Akanywa.

— Chachu, akasema. Inavuta mashavu. Na kuna chumvi. Hii ya kule Leipzig.

Wote watatu wakashusha pumzi. Treni akampiga Balozi begani. Ya pili ilikuwa chachu kuliko ya kwanza, bila chumvi, nyepesi kama maji ya ndimu, na Burgl akasema Berlin kabla hajaimeza. Ya tatu akasema ni nyepesi, haina makali, imepita tu. Balozi akatikisa kichwa kwa masikitiko na kusema kwamba hiyo iliyopita tu ndiyo bia ya Köln, na kwamba mtu hupewa glasi nyembamba makusudi ili aisikilize. Ya nne ilikuwa chungu, uchungu uliokaa nyuma ya ulimi na kukataa kushuka. Düsseldorf, akasema Burgl. Alikuwa amepatia.

— Si mnaona, Treni akasema. Shemeji amepona.

Burgl alitoa kitambaa. Hakuwa anatabasamu.

— Chachu, chumvi, uchungu. Hayo ni mambo ya ulimi, Lorenz. Ulimi sikupoteza. Nipe ile ya Bamberg.

Kila mtu alijua kwa nini ile chupa ilikuwa imewekwa mwisho. Bia ya Bamberg hupikwa kwa kimea kilichokaushwa juu ya moshi wa kuni. Haihitaji kunuswa kwa makini. Ukiifungua tu, mtu wa dirisha la pili hujua. Treni akaifungua. Hedwig, aliyekaa mbali, akakunja pua. Harufu ya nyama ya kukaushwa ikajaa kijiwe kizima.

Burgl akaishika glasi kwa mikono miwili na kuingiza uso humo. Alikaa hivyo muda mrefu. Alijaribu kukumbuka kama Dokta alivyomfundisha: jiko la mama yake, paja la nguruwe limetundikwa darini, macho yanawasha. Aliyaona yote, hata msumari ulioshikilia kamba. Harufu haikuja. Alipoinua uso, ncha ya pua yake ilikuwa na povu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

— Maji, akasema. Maji yenye utamu kidogo.

Akaiweka glasi chini polepole, akasema wamwagie tena. Akajaribu tena. Akasema tena.

Hapo ndipo nadharia zilipoanza, kwa sababu wenye benchi walikuwa hawawezi kukaa na huzuni bila kuipa maelezo. Hedwig alisema mishipa ya pua ni kama mizizi, inarudi taratibu, mwaka au zaidi, na kinachotakiwa ni kutokata tamaa. Hilo lilikuwa la busara, ndiyo maana halikumridhisha mtu. Balozi alisema tatizo ni vikombe. Watu wa huku wanakunywa kwenye kikombe cha udongo kikubwa kama ndoo, pua inazama humo kila jioni tangu ujana, mwisho inachoka. Köln, alisema, hajawahi kuona mtu aliyepoteza pua.

— Köln hawana cha kunusa, Treni akamjibu. Pua yao inakaa bure mpaka uzeeni, kwa nini isidumu?

Balozi akamwambia aachane na mambo asiyoyajua, maana yeye miji yote ameiona akiwa kituoni. Treni akakubali kuwa ameiona akiwa kituoni, na akasema ndiyo sababu anajua siri yake: bia za Ujerumani zinafuata reli. Ukishuka kwenda bonde la Rhine zinazidi kuwa nyepesi, ukipanda milima zinazidi kuwa nzito. Ni mambo ya hewa. Basi na pua vilevile. Aliwahi kuwa na msaidizi aliyezibwa masikio na pua kwa miezi, na siku moja walipita kwenye njia ya chini ya mlima, dirisha wazi, mwendo wa kasi, walipotokea upande wa pili, jamaa analia kwamba anasikia harufu ya majani. Alikuwa tayari kumkatia Burgl tiketi.

— Utamtoa na kichwa, Hedwig akasema.

Balozi naye, kwa kutotaka kushindwa, akadai kwamba miji yenye kanisa kubwa hupika bia nyeupe kwa sababu watu wake hutazama juu, na miji ya mabondeni hupika nyeusi kwa sababu hutazama miguu. Burgl, kwa maoni yake, tangu afiwe alikuwa anatazama miguu. Pua ya mtu anayetazama miguu hupata vumbi tu. Aliposema hivyo akajishtukia, akajifuta midomo.

Burgl aliwasikia wote. Kwa kawaida wangemchekesha. Leo alikuwa anawatazama midomo inavyokwenda, akafikiri jinsi midomo hiyohiyo ilivyokuwa mizito masika. Alikuwa ameahidi moyoni kutolisema. Akalisema.

— Mna maneno mengi sana kuhusu bia za watu. Ile yangu ilipoharibika, mlikuwa na maneno gani?

Hakusema kwa hasira, na hiyo iliwachoma zaidi. Treni akaanza kuangalia reli isiyokuwepo ng'ambo ya barabara. Hedwig akakunja kitambaa kile cha macho, akakikunjua, akakikunja tena.

Kabla hajajibu mtu, mlango wa jiko la mji ulifunguka, akatoka mwanamke kijana mweusi tii kwa masizi kuanzia kofia hadi viatu, brashi ndefu begani. Alikuwa mfagia dohani mpya wa wilaya, ameanza kazi mwezi huo, na alikuwa amekuja kusafisha bomba la moshi la jiko kabla moto wa Ijumaa haujawashwa. Jina lake Femke Harms, anatoka kaskazini kabisa, pwani, na lafudhi yake iliwafanya wote wamsikilize mara mbili. Hedwig, hata katika fadhaa ile, alinyoosha mkono haraka akamgusa kifungo cha koti, kwani kwao kumgusa mfagia dohani huleta bahati. Femke alikuwa ameshazoea kuguswaguswa. Akasubiri aguswe na wengine.

Walimkaribisha akae, wakampa glasi. Alionja ya Köln, akasema sawa. Ya Leipzig ikamfanya akodoe macho. Ya Bamberg akaicheka, akasema anayetoka kwenye dohani hahitaji kunywa dohani. Akawaeleza kwamba kwao watu ni wa chai, wanaweka sukari ya mawe chini na malai ya maziwa juu, na mtu akikoroga anafukuzwa mezani. Bia hazijui. Treni, kwa furaha ya kupata msikilizaji asiyejua kitu, akamweleza zote tena, kutoka Berlin mpaka milimani, na kwa kila moja alikuwa na maneno matatu yaliyoikaa sawasawa.

Femke alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaelekeza kidole ng'ambo ya barabara, kwa Bäuml, ambako nyota ilikuwa imetundikwa.

— Na hii yenu ya hapa, ina ladha gani?

Treni alifungua mdomo.

Balozi akamtazama Treni. Hedwig akawatazama wote wawili.

— Ina ladha ya bia, Treni akasema.

— Ina ladha ya nyumbani, Balozi akarekebisha.

— Nyumbani kwa nani? Femke akauliza. Hakuwa anadhihaki. Alitaka kujua.

Hedwig akasema haina ukali. Tena haina moshi, haina chumvi, na wala haina ule uchachu wa Berlin. Femke akamshukuru, akasema ameelewa isivyokuwa. Je, ilivyo? Wakatazama glasi zao, wanaume wawili walioinywa tangu hawajaota ndevu, na Hedwig tangu hajaolewa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na neno la kuweka mezani.

Siku zote Burgl alikuwa ameliona jambo la masika kwa namna moja: walijua, wakaficha. Sasa aliwaona wanavyohangaika kama watu wanaotafuta taa ndani ya nyumba yao wenyewe, na akaanza kuelewa kwamba kuficha kulikuwa nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa kwamba bia ya hapa hawajawahi kuionja. Wameinywa tu.

— Wifi, Hedwig akasema ghafla, kwa sauti ndogo. Ile ya masika. Niliisikia kabichi. Glasi ya kwanza tu, niliisikia. Nikasema labda ni mdomo wangu. Halafu nikawaangalia hawa, nao wanakunywa, nikasema kumbe ni mdomo wangu kweli.

— Mimi nilikuangalia wewe, Balozi akasema.

Treni hakusema alimwangalia nani. Alisema tu kwamba aliogopa kumuumiza shemeji, na kwamba alipomwona anamwaga yale mapipa alitamani angekuwa yeye yule dereva wa lori.

Moyo wa Burgl ulitaka kukaa na jambo hilo, kulilia hata, lakini jua lilikuwa limeshapita dohani ya nyumba ya Bäuml na kengele haikuwa mbali. Akasimama, akavuka barabara, akarudi na jagi la bia ya Bäuml limejaa mpaka mdomoni, na glasi safi.

— Za watu ziwekeni chini, akasema. Leo mtaniambia hii ikoje. Na anayesema nzuri ananyang'anywa glasi.

Walianza vibaya. Treni alisema nzuri kabla hajakumbuka, akanyang'anywa, akaomba msamaha, akarudishiwa. Balozi alifumba macho kama yuko kanisani na baada ya muda mrefu akasema mkate. Mkate gani, Burgl akauliza. Balozi akasema mkate mweusi. Hedwig akakataa, akasema siyo mkate wenyewe, ni ukoko wake, ule unaoganda chini ya tanuri. Balozi akasema ukoko ni mkate. Hedwig akamwambia mtu aliyeishi miaka mingi na wapika bia ya maji hawezi kujua ukoko. Treni akanusa, akanywa, akanusa tena, akasema mwanzoni kuna kitu kama mawe ya mto yaliyolowa, kisha asali kidogo, kidogo sana, asali ya kwenye kijiko kilichokwisha kulambwa. Baada ya hapo majani makavu. Wakamtazama. Yeye mwenyewe alijitazama.

— Endelea, Burgl akasema.

Akawa anawauliza bila kuwapa nafasi ya kupumzika. Harufu inakuja kabla ya kumeza au baada? Juu ya povu kuna nini, na chini yake? Kama ni majani, ni yaliyokatwa leo au ya ghalani? Naye alikuwa anakunywa pamoja nao, akipima kwa ulimi alichobakiwa nacho: uzito, jinsi mapovu yanavyochoma, uchungu unapochelewa kufika. Kila alipotaja chake mmoja wao aliongeza chake, na mara mbili tatu vitu hivyo vilishikana, kama vipande vya chungu kilichovunjika vinavyokubali kukaa pamoja. Hakunusa chochote. Lakini alijua, kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi, kwamba kuna kitu mbele yake cha kunuswa na kilikuwa na umbo.

Jagi likaisha wakiwa bado hawajakubaliana juu ya ukoko. Femke aliuliza kama kwa hiyo ameshajibiwa. Treni akamwambia arudi baada ya mwezi.

Burgl alimkuta Bäuml uani kwake anafuta meza. Alimwambia kwamba Ijumaa anapika. Bäuml akaacha kufuta, akamtazama usoni kwa upole, akamuuliza kama pua imerudi.

— Haijarudi.

— Sasa, Burgl, nani atakunusia?

Burgl alisogea pembeni ya lango ili Bäuml aweze kuona ng'ambo ya barabara. Hedwig alikuwa amesimama, glasi tupu imemfunika pua nzima, mkono mmoja umeinuliwa kumnyamazisha Balozi. Balozi hakunyamaza. Alikuwa anapiga benchi kwa kiganja, akisema mkate, mkate, mkate. Treni alikuwa amepiga magoti mbele ya mfagia dohani akimwonyesha kwa vidole ukubwa wa kile kijiko cha asali.

— Wale? Bäuml akauliza.

— Wale. Watakuja kwangu kila siku mpaka iive. Na wakinyamaza nawafukuza.

Bäuml alifikiri. Akasema kwamba ikiharibika tena, hatakuwa na la kuwaambia wenye nyumba nyingine. Burgl akasema analijua hilo, na kwamba ikiharibika ataimwaga mwenyewe kama alivyoimwaga ile, na zamu itakayofuata atapika tena. Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Bäuml akaingia ndani, akatoka na ufunguo wa jiko.

Kengele ya jioni ilimkuta nyuma ya jiko la mji, kwenye banda la kuni. Zamani angesimama mlangoni, avute pumzi, ajue kama zimekauka. Akachukua magogo mawili, akayagonganisha karibu na sikio, akasikiliza. Yakalia makavu. Akayatenga kando kwa ajili ya Ijumaa, akachukua mengine mawili.